Jambia, Kitara na Ngao: Mwongozo Kamili wa Kukusanya Silaha za Kale Mombasa

Jambia lililo mezani kwangu ninapoandika haya lilivaliwa na babu yake mama yangu, hapa hapa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, siku za Idi na siku za harusi. Upande wa mbele wa ala umefumwa kwa nyuzi za fedha, mauamaua madogo yaliyobanana. Upande wa nyuma ni ngozi tupu, kwa kuwa ulilala tumboni na hakuna aliyeuona. Huko nyuma kuna kijisu chembamba kimechomekwa kwenye kijifuko chake. Na chini kidogo ya kipini mauamaua yamefutika kabisa, fedha imekuwa laini kama ndani ya kijiko. Hapo ndipo kidole gumba cha mwenyewe kilipotulia alipokuwa amesimama.

Vijana wakiniuliza waanzie wapi, huwaonyesha pale palipofutika. Fundi yeyote angeweza kupachora upya kwa mchana mmoja, na jambia lingependeza zaidi machoni, lakini yule mzee angekuwa ametolewa ndani yake. Kwangu mimi kazi ya mkusanyaji ni mambo mawili: kujua kisichofaa kuguswa, na kuandika habari ya kitu kabla mwenye habari hajaondoka. Hatua zote zilizo hapa chini zinatumikia hayo mawili.

Hatua ya kwanza: funza jicho kabla ya kufungua mkoba

Usinunue chochote kwa miezi sita. Nenda Fort Jesus. Ngome ile ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ikazingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na meli ya Kireno Santo António de Tanna iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa ikazama mbele yake mwaka 1697. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vitu vilivyotoka humo vimo kwenye makavazi. Ingia pia Nyumba ya Waomani, pale juu ya ngome, utazame majambia na panga. Nje kuna mizinga ya meli mbili zilizokuwa maadui: wa HMS Pegasus ya Waingereza, iliyozamishwa Unguja tarehe 20 Septemba 1914, na wa Königsberg, meli ya Kijerumani iliyoizamisha Pegasus nayo ikamalizwa kwenye mto Rufiji Julai 1915.

Nenda na daftari na penseli. Chagua kitu kimoja tu kwa siku, ukichore. Kuchora hulazimisha jicho kuona pale ambapo picha ya simu hupita: jinsi pete ya fedha inavyokaza kipini, jinsi mshono wa ala unavyopita mgongoni, unene wa bapa karibu na kipini na wembamba wake karibu na ncha.

Jifunze pia majina, kwa sababu wazee watakupima kwayo. Upanga una kipini, bapa, makali, ncha na ala. Mshale una chembe, yaani ncha yake ya chuma, na hukaa podoni, mfuko wa mishale. Bunduki za kale za kushindiliwa kwa mdomo tunaziita magobori, lakini uliza zaidi: ya mrao huwashwa kwa utambi, ya gumegume hupigwa cheche na jiwe, ya fataki hulipuliwa na kijikofia kidogo cha shaba chenye baruti kali. Mti wa kushindilia ni mdeki. Kofia ya vita ni chapeo, neno tulilolipata kwa Wareno. Vazi la chuma ni deraya, neno la Kiarabu. Deraya ni nadra mno kuikuta pwani. Kinga utakayokutana nayo ni ngao: ndefu ya ngozi ya nyati kutoka kwa Wamaasai, au ndogo ya mviringo ya Kiomani, ya ngozi ya kifaru au kiboko.

Kuhusu jina la kitara, tahadhari. Kwetu kitara ni upanga uliopinda. Wakusanyaji wa Ulaya hulitumia jina la kattara kwa upanga wa Kiomani ulionyooka, wenye makali pande mbili na kipini kirefu kisicho na kinga ya mkono. Ukisoma orodha ya mnada wa London, tazama picha kwanza.

Hatua ya pili: ijue sheria

Hapa sitaki mtu aruke. Nimewaona watu wazuri wakiharibikiwa kwa kitu walichorithi kihalali.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale kila kitu cha kuchukulika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Maana yake jambia la babu wa babu yako ni kitu cha kale kisheria, na huwezi kulitoa nchini bila kibali cha serikali. Mgeni akikuambia ataliweka kwenye begi lake tu, kataa. Kwa swali lolote kuhusu kitu ulicho nacho, nenda kwa watu wa Makavazi ya Kitaifa pale Fort Jesus. Mimi nimekwenda na maswali mengi, na sikuwahi kufukuzwa.

Bunduki iko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Usidhani uzee wa gumegume unaiondoa mikononi mwa sheria. Kabla hujaipokea hata kama zawadi, waulize wahusika wa leseni za silaha, kwa maandishi, ukae na jibu lao. Mimi binafsi sikusanyi bunduki. Namwelekeza mwenye nayo makavazini.

Pembe za ndovu na za kifaru ni jambo zito kuliko yote. Vipini vingi vya majambia mazuri ya zamani vilichongwa kwa pembe ya kifaru. Kifaru yuko kwenye orodha ya juu ya mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu miaka ya 1970, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina adhabu kali kwa anayemiliki nyara bila kibali. Usinunue, usiuze, usipokee rehani. Kama imo nyumbani kwa urithi, tafuta wakili kwanza, kisha uende ukaitangaze kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori ukiwa naye.

Kutembea na silaha hadharani bila sababu halali ni kosa pia. Upanga ukiubeba, uwe umefungwa kitambaani, ndani ya sanduku, na risiti iwe mfukoni. Usipande nao matatu.

Na kuna vitu ambavyo havinunuliwi kwa bei yoyote: chochote kilichochotwa baharini kwenye meli zilizozama, na chochote kilichotoka kwenye kaya za Wamijikenda, misitu yao mitakatifu. Vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, vilivyoibwa makaburini vilifika mpaka makavazi ya Marekani, na vingine vimelazimika kurudishwa. Mkuki uliotoka mahali pa aina hiyo una mwenyewe.

Hatua ya tatu: kutafuta na kununua

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Vitu vinavyokufuata barabarani karibu na ngome, vikiwa vimeng'aa na vina hadithi ndefu, vingi ni vipya, vimetengenezwa kwa watalii. Havina aibu, ni kazi ya mikono, lakini vilipiwe bei ya vipya.

Silaha za kweli ziko majumbani: Mji wa Kale, Takaungu, Gazi, Lamu, ndani ya masanduku ya mbao chini ya vitanda. Huko hufiki kwa pesa, unafika kwa salamu. Piga hodi, kaa barazani, kunywa kahawa, zungumza na mzee bila kutaja upanga. Mara ya pili hivyo hivyo. Siku atakapokuonyesha, usiseme bei. Sema, "Ami, huu ulikuwa wa nani?" Halafu nyamaza.

Nyumba yenye msiba usiiendee kwa biashara kabla ya arubaini kupita. Wako wanaofika siku ya pili ya tanga na noti mkononi, wakijua kwamba warithi wana haja. Ni dhuluma, na mji mdogo huu hausahau. Hata baada ya arubaini, hakikisha warithi wote wamekubali. Upanga uliouzwa na kaka mmoja bila ndugu zake ni kesi inayosubiri.

Ukishanunua, andika hati fupi: kitu gani, vipimo vyake, bei, tarehe, majina na sahihi za pande mbili na shahidi mmoja. Mtu akikataa kutia sahihi, rudisha kitu hapo hapo.

Hatua ya nne: kukagua

Beba lenzi ya kukuzia mara kumi, sumaku ndogo, futi ya kitambaa na tochi. Anza na kutu. Kutu ya zamani ni nyeusi au kahawia iliyokolea, imeshikamana na chuma. Ya kupakwa asidi juzi ni ya rangi ya chungwa, na huacha unga kidoleni. Kisha tazama parafujo: yenye mfuo wa msalaba kichwani haikuwapo kabla ya miaka ya 1930. Tafuta mikwaruzo iliyonyooka na kulingana ya mashine ya kusagia. Tupa ya mkono huacha mikwaruzo isiyolingana.

Fedha haivutwi na sumaku. Lakini aluminiamu na shaba pia havivutwi, kwa hiyo sumaku inakuonyesha uongo mmoja tu. Fedha nyingi ya majambia yetu ilitoka kwenye reale za Maria Theresa, sarafu zile zenye mwaka 1780 hata zilipopigwa miaka mingi baadaye. Reale moja ina gramu 28 na kitu, na fedha yake ni sehemu 833 katika 1,000, kwa hiyo fedha ya mafundi wa hapa ina shaba kidogo na huwa na wekundu wa mbali pale iliposuguliwa sana.

Kipini kitazame kwa lenzi. Pembe ya ndovu ina mistari inayopishana kama wavu. Mfupa una vitone na vijistari vyeusi. Plastiki ya kumiminwa ina viputo vya hewa. Usichome sindano ya moto kama wanavyofanya wengine, maana unatoboa kitu, na tundu hilo halizibiki tena.

Alama kwenye bapa zisikulevye. Mapanga mengi ya Waomani yalitiwa mabapa yaliyokuja kwa biashara kutoka Ulaya, hasa Solingen huko Ujerumani, na alama ya mbwa mwitu anayekimbia ilikuwa maarufu kiasi cha kuigwa kila mahali. Alama ni swali, na jibu utalipata kwa kulinganisha bapa, kipini na ala kwa pamoja: je, vimechakaa kwa kadiri moja? Bapa la zamani ndani ya ala mpya si udanganyifu. Mapanga yalibadilishiwa ala kila kizazi. Lakini bei isemwe hivyo.

Sasa mambo mawili ya kuokoa roho.

La kwanza ni mishale. Wawaata, Wagiriama na Wakamba walipaka mishale yao sumu iliyopikwa kwa mti wa msunguti, sumu inayosimamisha moyo. Utaiona kama lami nyeusi iliyokauka kwenye shingo ya mshale, nyuma ya chembe, mara nyingi imezungushiwa ukanda wa ngozi ili isikauke. Imekaa miaka mingi? Ichukulie kuwa ina nguvu bado. Usifungue ukanda ule, usikwangue, usiguse bila glavu, na kama mkononi una kidonda usishike mshale kabisa. Vyembe viwe ndani ya sanduku lenye kifuniko, limeandikwa SUMU kwa herufi kubwa, mbali na watoto.

La pili ni gobori lililosahauliwa na risasi ndani. Baruti kavu hulipuka hata baada ya miaka 100. Mwenye bunduki akikualika uitazame, usisimame mbele ya mdomo wake. Anayejua kazi huingiza mdeki wa mti polepole mpaka ukwame, huweka alama pale mdomoni, kisha huutoa na kuulaza juu ya mtutu kwa nje. Ncha yake ikiishia mbali na kitundu cha kuwashia, ndani mna kitu. Kutoa kitu hicho ni kazi ya fundi wa bunduki mwenye leseni. Wewe funga mlango, uwapigie polisi.

Hatua ya tano: kusafisha, yaani kutosafisha

Bibi zetu husafisha sinia za shaba kwa ukwaju na majivu, na sinia hung'aa. Mama mmoja wa nyumbani kwetu alilifanyia hivyo jambia la pili la ukoo, kwa mapenzi tu, siku moja kabla ya harusi. Asidi ya ukwaju iliingia chini ya nyuzi za fedha ikatulia pale. Miaka miwili baadaye unga wa kijani ulikuwa unachomoza kila tundu, na nyuzi zikaanza kukatika moja moja. Ndimu na siki hufanya vivyo hivyo. Mafuta ya nazi yanaonekana kama rafiki, lakini huchacha, yakanata, yakakusanya vumbi.

Kwa bapa la chuma tumia mafuta mepesi ya cherehani na kitambaa cha pamba. Paka, acha usiku kucha, futa. Kutu iliyovimba itoe kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa, ukiendelea kupaka mafuta. Msasa usiingie nyumbani. Ukifika kwenye rangi ile nyeusi iliyotulia, simama hapo, kwa maana hiyo ndiyo ngozi ya chuma. Kisha futa mafuta yote na upake nta nyembamba ya kuhifadhia. Wengi hutumia Renaissance Wax. Fedha ifutwe kwa kitambaa kikavu, kidogo, mara chache. Ngozi na mbao zipigwe brashi laini tu. Shika vitu kwa glavu kila mara: jasho lina chumvi, na alama ya kidole huchomoza kama kutu baada ya wiki chache.

Hatua ya sita: kuweka, na hewa ya Mombasa

Adui wetu ni bahari. Unyevu wa hewa hapa huzidi asilimia 70 muda mwingi wa mwaka, na upepo una chumvi. Chuma hutaka hewa kavu, chini ya asilimia 40 ikiwezekana. Mbao na ngozi zikikaushwa hivyo hupasuka, zenyewe hutaka karibu na 50. Kwa hiyo tenganisha. Upanga usikae ndani ya ala yake: ngozi ina asidi iliyobaki tangu ilipotengenezwa na hunyonya unyevu, na bapa huliwa kimya kimya humo ndani. Ala ijazwe karatasi isiyo na asidi ili isinywee, na bapa liwekwe peke yake ndani ya sanduku la plastiki lenye kufunga vizuri, pamoja na mifuko ya silika jeli, chembechembe zinazonyonya unyevu. Mifuko ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni yenye moto mdogo uirudishe. Kipimo cha unyevu si ghali. Weka kimoja ndani ya kila sanduku.

Kalenda yangu ni ya pepo. Kusi kikianza kuvuma na masika yakiingia, karibu na Aprili, nafungua kila sanduku, natazama, napaka nta upya. Kaskazi ikishika, Desemba, natazama tena. Katikati huacha vitu vipumzike.

Ngao za ngozi huliwa na wadudu. Ukiona unga mwembamba chini yake au vimashimo vipya, ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uitie kwenye friza kwa wiki mbili. Ukiitoa, usifungue mfuko mpaka kesho yake, la sivyo jasho la baridi litailowesha. Usitundike silaha kwenye ukuta unaotazama bahari wala unaopigwa na jua.

Hatua ya saba: kuandika

Hii ndiyo hatua inayoachwa na wengi, nami niliiacha mara moja. Mzee mmoja wa Takaungu aliniuzia upanga ulionyooka na kuniambia nirudi Ijumaa inayofuata, anisimulie ulivyofika kwao na ulikuwa wapi wakati wa vita vya Mbaruk bin Rashid, kiongozi wa Wamazrui aliyepigana na Waingereza, 1895 na 1896. Ijumaa ile nilikuwa na shughuli. Niliahirisha, nikaahirisha tena. Nilipokwenda nilikuta watu wamekaa kwenye majamvi. Upanga ninao, ni mzuri, na sijui chochote juu yake zaidi ya urefu wa bapa: sentimita 82. Wanawe hawakuwahi kuuliza.

Tangu siku hiyo naandika kabla sijaondoka barazani. Kila kitu kina kadi: nambari, tarehe, kimetoka kwa nani, bei, urefu na uzito, alama zote pamoja na mchoro, kasoro, picha tatu zenye rula kando. Halafu sehemu mbili zisizochanganywa. Moja ni maneno ya mwenye kitu kama alivyoyasema, kwa Kimvita chake au Kiamu chake, hata kama unaona si kweli. Ya pili ni maoni yako. Mtu akikuambia gobori lilipigana Mwele, ngome ya Mbaruk, andika kwamba amesema hivyo, na kwenye maoni yako andika kwamba aina hiyo ilitumika muda mrefu baadaye pia. Miaka 30 mbele mtu atahitaji yote mawili. Omba ruhusa urekodi sauti kwa simu. Nambari usiichore kwenye silaha: iandike kwenye kikaratasi kilichofungwa kwa uzi wa pamba.

Hatua ya nane: kurithisha

Waambie watu wa nyumbani vitu vilipo na vilivyo hatari, kuanzia leo. Kama u Mwislamu na unataka mkusanyiko uende makavazini, kumbuka wasia hauvuki thuluthi ya mali, na mrithi hausiiwi zaidi ya fungu lake bila ridhaa ya wenziwe. Anayetaka kutoa zaidi atoe hiba akiwa hai na mwenye afya, au aweke wakfu, na apite kwa Kadhi hati ziandikwe sawasawa. Ukitoa kwa makavazi, dai risiti yenye nambari ya kila kitu, na utoe kadi pamoja na kitu. Kama kuna bunduki yenye leseni, warithi wajue kwamba leseni ilikuwa yako wewe, na jambo la kwanza baada ya mazishi ni kuripoti, si kuihamisha.

Nakala ya kadi zote iwe nje ya nyumba, kwa ndugu au kwa wakili. Mvua ya Mei mwaka fulani iliingia kwa jirani yangu kupitia dari. Mapanga yalikauka, daftari halikusomeka tena.